Corolla ya Baba haikuwa inapumua

Tangu Baba astaafu ualimu, Corolla yake, ile 110 ya injini ya 5A, haijui safari. Kutoka nyumbani Tegeta hadi kanisani, kanisani hadi sokoni, hata kilomita 3 hazifiki. Anaiendesha polepole mno. "Nimeitunza kama yai, mwanangu," huniambia, na ni kweli, ndani bado inang'aa. Lakini mwaka huu ikawa nzito. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka, ukikanyaga mafuta inasita kwanza ndipo iondoke, na ukipitisha kidole kwenye eksozi kinatoka cheusi.

Fundi mmoja alimwambia silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ifunguliwe ikwanguliwe kaboni. Nikamwomba Baba asubiri nifike.

Nilifungua plagi zote 4. Zilikuwa nyeusi kama chemni ya taa ya mafuta, ila masizi yalikuwa makavu, na ukavu huo ndio ulionipa moyo. Yangelowa oili ningeanza kuwaza ringi za pistoni. Masizi makavu ni petroli isiyoungua yote: injini ikiwa baridi hupewa mafuta mengi zaidi, na ya Baba ilikuwa ikizimwa kabla haijapata joto. Ncha ya plagi inataka nyuzi joto 450 hivi kwenda juu ndipo ichome masizi yake yenyewe. Safari ya sokoni haifikishi huko.

Kabla ya kuikimbiza barabarani ili masizi yaungue nilikagua oili, maji ya rejeta, matairi, breki na mkanda wa taimingi. Gari lenye dalili ya kuchemsha au oili pungufu usilifanyie hivi kabisa, nakusihi.

Jumamosi saa 12 asubuhi tukatoka, Baba pembeni yangu. Hadi Bagamoyo nilikwenda kawaida, injini ipate joto sawasawa. Tulipoingia barabara ya Msata, ambayo malori ni machache kuliko ya Morogoro, nikaweka gia kwenye 2. Kutoka 40 nakanyaga kwa nguvu hadi 80, rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) zinapita 4,000, kisha naachia mguu gari lishuke lenyewe kwa gia. Huhitaji mwendo wa hatari. Kinachotakiwa ni injini kubeba mzigo. Mara ya kwanza kwenye kioo niliona wingu jeusi. Baba akashika mlango. "Utaiua!" Nikamwambia, "Hapana Baba, ndiyo inapumua." Mara ya sita au ya saba moshi haukuonekana tena.

Kurudi aliendesha mwenyewe, na karibu na Makurunge akanyamaza kidogo, akasema, "Hii ndiyo ile niliyoinunua."

Nyumbani plagi zilikuwa zimegeuka rangi ya kijivu na kahawia, sailensa imetulia. Utando mgumu uliokaa miaka mingi juu ya pistoni au mgongoni mwa valvu hautoki wote kwa asubuhi moja, na throtoli, mlango wa hewa inayoingia kwenye injini, niliisafisha kwa mkono siku ya pili, maana huko moto haufiki. Tumekubaliana kila baada ya wiki mbili aende hadi Bagamoyo, anywe chai, arudi.

Imebaki moshi wa bluu anapowasha asubuhi, ukikata baada ya dakika moja. Hizo ni sili za valvu zinazopitisha oili, tutazibadilisha mwezi ujao.