Kisima hakijakauka, kimefukiwa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nachelewa kuwaandikia maana mikono inauma, nimeshinda siku nne navuta kamba, lakini kuna jambo limenikaba tangu Jumanne na naona nisipolisema halitaniacha nilale.

Wengi mnajua tulihamia shamba, kwenye ile nyumba ya zamani iliyokaa miaka bila mtu. Paa linavuja, mbao zimeliwa na mchwa, ardhi ya bustani imeshindiliwa mpaka jembe linadunda, kuku wetu wa kwanza amelalia siku 21 zote tukapata vifaranga wawili tu. Hayo tunayavumilia. Shida yetu ni maji. Kisima kipo nyuma ya nyumba, kimejengewa mawe vizuri kabisa, yaani aliyekichimba alikuwa mtu wa akili, ila waliokuja baadaye wakakigeuza shimo la takataka. Mi nilishahukumu kwamba kimekufa na nikawa namsumbua mume wangu tukope hela tuchimbe kipya upande wa pili.

Mzee mmoja anayejua kazi ya visima akaja, akashusha ndoano akaanza kutoa uchafu, matofali, viatu, magunia. Vya juu vilikuwa vikavu. Ikafika mahali akavuta tambara, akalishika kwa mikono miwili akalikamua, maji yakadondoka kwenye vumbi. Akaniangalia akasema, "Mama, hiki hakijakauka. Kimefukiwa tu."

Jamani, nilikaa chini palepale.

Kwa sababu miezi mitano sasa nimekuwa nikisema nimekauka. Nilipokuwa mjini niliamini kabisa kelele ndo zinaniibia maombi, nikawaahidi na ninyi hapa kwamba nikifika kwenye utulivu nitaomba mpaka usiku uniishie. Nimefika, utulivu upo, na sijaomba. Naamka na orodha ya kazi, nalala na simu mkononi natafuta mbuzi anayekohoa anatibiwaje, na Mungu namtajia kwenye chakula tu. Halafu nikaanza kutafuta maji mapya, mahubiri mapya kila siku, magrupu mawili ya maombi, mfungo nilioanza nikauacha siku ya pili. Kumbe nilikuwa natafuta pa kuchimba wakati kisima ninacho.

Ile Mwanzo 26 tunaisoma haraka sana kukimbilia Rehobothi, kile kisima cha Isaka ambacho jina lake maana yake ni nafasi, kila mtu anataka kuhubiriwa nafasi. Rudini nyuma kidogo. Kulikuwa na njaa katika nchi, Isaka akapanda akavuna mia kwa moja, Wafilisti wakamwonea wivu, wakavifukia visima vya baba yake wakavijaza kifusi. Hebu oneni hapo, nchi ya njaa watu wanaziba maji! Wivu unamfanya mtu azibe hata kisima ambacho yeye mwenyewe angekunywa. Na Isaka alipovichimbua vile vya Ibrahimu hakuvipa majina ya kwake, aliviita majina yaleyale aliyoviita babaye. Hilo ndilo limenikamata. Mama yangu alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri na ile Zaburi 63, nafsi yangu inakuonea kiu, kila siku, nimekua naisikia kupitia ukutani. Kisima hicho alinichimbia yeye. Sikuvamiwa na Mfilisti yeyote wapendwa, kifusi nimekitupa mimi mwenyewe, kidogokidogo, leo kiatu kesho gunia.

Na niseme na sisi tunaohamahama, mtanisamehe. Leo huyu mtumishi kesho yule, tukikaa miezi mitatu tunasema hapa hakuna uwepo wa Mungu, tunabeba ndoo zetu tunaondoka. Ndugu yangu, umewahi kushusha ndoano ukaona kilichoko chini kwako? Ule uchungu na shemeji yako wa miaka mingi, lile deni ulilokana, ile picha unayoangalia watu wakilala, unategemea maji yapite wapi? Utazunguka makanisa yote na kiu yako. Nakuambia kwa upendo na kwa machozi, ACHA KUCHIMBA KIPYA, toa kifusi.

Ila usikitoe peke yako. Yule mzee alikataa kabisa mtu ashuke. Alifunga taa ya mafuta kwenye kamba akaishusha taratibu, kabla haijafika chini ikazimika, fyu. Akasema kuna hewa mbaya. Kwenye shimo kama lile kaboni dayoksaidi inatulia chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, oksijeni inakosekana, mtu anaanguka kabla hajapiga kelele na anayemfuata kumwokoa anaangukia hapohapo. (Wenye visima vya zamani nawaomba sana, hata taa ikiendelea kuwaka msishuke, taa siyo uhakika, iteni watu wenye vifaa.) Basi kuna mambo moyoni yako hivyohivyo, ukishuka nayo peke yako usiku yanakumaliza. Yakobo kwenye waraka wake anasema ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi na kuombeana, mpate kuponywa. Tafuta mtu mmoja anayetunza siri akushikie kamba. Mimi wiki hii nilimwambia mume wangu ukweli kwamba siombi, nilijua atashangaa, akaniambia na yeye haombi tangu tuhame. Tulilia wote.

Jana jioni ndoo ya kwanza ya maji imepanda. Ni tope tupu. Mzee anasema ndo inavyokuwa, tunachota tunamwaga, tunachota tunamwaga mpaka yatakate, halafu kinawekwa klorini, na hata hapo hatunywi mpaka yapimwe. Leo saa kumi na moja nimepiga magoti na Zaburi ya mama, nimesinzia mara mbili, akili ikaenda kwa mbuzi ikarudi, maneno hayakuwa na mpangilio. Nimeyasema hivyohivyo, na kesho tutakuwa wawili.

Mtuombee kipimo cha maji, sampuli tunaipeleka yakishatakata.