Daftari la mwanangu lilipoingia kwenye fungu la wanafunzi

Jioni ile nilikuwa nimebakiza madaftari kama kumi hivi. Nikafungua moja, nikapitia mistari minne ya mwandiko mkubwa uliopinda, nikarekebisha herufi kubwa mbili, nikaweka nukta palipokosekana, nikatia vema, tarehe na sahihi. Nikavuta linalofuata. Asubuhi, nilipokuwa nikipanga mkoba, mume wangu aliliona lile daftari likiwa wazi mezani. "Hivi umesoma kilichoandikwa humu?" akaniuliza.

Lilikuwa la mwanetu. Wakati huo alikuwa na miaka saba. Aliniandikia kwamba jino lake la mbele linacheza na anataka nilione kabla halijang'oka. Alikuwa amelichomeka katikati ya fungu ili zamu yake ifike. Chini yake mimi nilikuwa nimemwandikia kwa wino mwekundu: "Zingatia alama za uandishi."

Nilikwenda shuleni siku hiyo nikafundisha vipindi vyote. Sikumweleza mtu. Lakini kuanzia pale sikuweza tena kujiambia kwamba nimechoka tu, na kwamba likizo ikifika nitakuwa sawa. Likizo mbili zilikuwa zimeshapita nikiwa vilevile.

Nilikuwa na dalili zote za uchovu wa kazi, nazo nilizizoea kiasi cha kuziona ni sehemu ya ualimu. Taya zikiuma asubuhi kwa sababu usiku kucha nimeyabana meno. Jumapili, jua likianza kushuka, tumbo linanikaza hata kama maandalio ya somo yapo tayari. Sauti ilikuwa ikikauka kila ikifika Alhamisi. Na kulikuwa na jambo lililonitisha kuliko hayo: wanafunzi niliowapenda nilianza kuwaona kama kelele. Sikuwa nikimwona fulani na fulani, nilikuwa naona madawati yaliyojaa.

Baadaye nilisoma kazi ya Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwaka 1981 alitoa, pamoja na mwenzake, kipimo cha uchovu wa kazi kinachotumika mpaka leo. Anataja sura tatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuwa mbali na watu unaowahudumia hadi uwaone kama vitu, na kuhisi kwamba kazi yako haizai chochote. Nilijiona katika zote tatu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeueleza uchovu huu kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa ipasavyo. Halikuuita ugonjwa, na limeufunga ndani ya mipaka ya kazi. Ninaelewa kwa nini wanafanya hivyo. Ila kwangu mimi haukubaki kazini. Ulikuwa unapanda nami njiani, unaingia nami mlangoni, na wa kwanza kuupokea alikuwa mtoto mwenye jino linalocheza.

Nilichofanya kwanza kilikuwa kidogo. Nilichukua kijidaftari na kwa wiki mbili nikaandika kila kitu kilichonikaza, saa ilipotokea, na dakika kilichokula. Nilidhani kitajaa utundu wa wanafunzi. Hakikujaa hivyo. Utundu ulikuwepo, lakini ulipita na kengele. Kilichojaa ukurasa baada ya ukurasa ni kusahihisha.

Nikapiga hesabu. Nina mikondo mitatu, kila mmoja una wanafunzi 48. Hayo ni madaftari 144. Nikitumia dakika mbili tu kwa kila moja, ni saa 4 na dakika 48, na nilikuwa natoa zoezi mara mbili kwa wiki. Saa 9 na dakika 36. Vipindi nisivyofundisha kwa wiki vilikuwa vitano vya dakika 40, yaani saa 3 na dakika 20, hapo ukiwa hukuombwa kushika darasa la mwenzako anayeumwa. Zaidi ya saa sita zilikuwa hazina pa kwenda isipokuwa nyumbani kwangu. Nililia nilipoiona ile namba, na kilio kilikuwa na nafuu ndani yake, kwa sababu miaka yote nilijiita mzembe. Hakuna juhudi ambayo ingeziingiza saa tisa ndani ya saa tatu.

Mwalimu mmoja mkongwe, ambaye ofisini wote tunamwita Mama, ndiye aliyenifungua macho. Nilimwonyesha karatasi yangu. Aliitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, unasahihisha ili mtoto ajifunze, au ili daftari lionekane limesahihishwa?" Sikuwa na jibu la haraka. Ukweli ni kwamba vema nyingi nilizokuwa natia zilikuwa za mkaguzi na mzazi. Mtoto hakuzitumia kwa lolote.

Tukakaa naye, tukapanga hivi. Kila zoezi nachukua madaftari 16 kwa kila mkondo, kwa mzunguko, kwa hiyo baada ya mazoezi matatu kila mwanafunzi ameshafikiwa. Hayo 16 nayasoma kwa dakika tatu kila moja, na ninaandika sentensi moja ya maana. Waliobaki wanasahihishiana darasani majibu yakiwa ubaoni, na mimi natembea katikati yao nikitazama makosa yanayojirudia. Ukijumlisha, bado ni saa 4 na dakika 48 kwa wiki badala ya zile tisa na zaidi. Saa moja na nusu inayozidi vipindi vyangu naimaliza shuleni siku mbili baada ya masomo, mlango ukiwa umefungwa, kisha natoka mikono mitupu.

Haikupokelewa vizuri mara moja. Mzazi mmoja alilalamika kwamba daftari la mwanawe lina kurasa mbili hazina wino mwekundu. Nikaenda kwa mwalimu mkuu kabla hajaniita, nikamwekea ile hesabu mezani. Nilikwenda pia na kitu ambacho walimu wengi hatukijui: Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu, lililopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966 chini ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani. Ndiyo sababu Siku ya Walimu Duniani huwa tarehe 5 Oktoba. Linasema saa za mwalimu zipangwe kwa kuangalia pia idadi ya wanafunzi alionao, na muda anaohitaji kuandaa masomo na kutathmini kazi zao. Pendekezo si sheria, na sikulipeleka kama fimbo. Nililipeleka ili aone kwamba ninachoomba kilishafikiriwa na watu wazima wengi kabla yangu. Alikubali tujaribu muhula mmoja. Hajaufuta utaratibu huo mpaka leo.

Simu ilikuwa rahisi zaidi kuliko nilivyohofia. Wazazi walikuwa wakiniandikia hadi saa 5 usiku, na mimi nilikuwa najibu, kwa hiyo waliendelea. Katika kikao cha wazazi niliwaambia kwamba ujumbe wote nitaujibu shuleni kabla ya kuondoka, na la dharura linalohusu usalama wa mtoto wapige, wasiandike. Wiki ya kwanza walinung'unika wachache. Basi.

Nilichokaa nacho muda mrefu ni kile ambacho hakihesabiki kwa dakika. Kulikuwa na msichana aliyekuwa akilala kipindi cha kwanza, kila siku. Nilimfokea mara mbili mbele ya wenzake. Mara ya tatu nilimwita pembeni, nikagundua kwamba usiku anamhudumia mama yake mgonjwa na asubuhi anawaandaa wadogo zake ndipo aje shule. Kwa wiki kadhaa nilikuwa naamka saa 8 za usiku nikimfikiria. Nilijilaumu kwa kumfokea, na nililaumu kila kitu nisichoweza kumbadilishia. Nyumbani nikawa nipo kwa mwili tu. Mwanangu akiniambia jambo naitikia "eeh" bila kusikia.

Walimu tunaambiwa tuwe wazazi wa wote, na mimi naliamini jambo hilo kwa moyo wangu wote. Lakini mzazi wa watoto 144 hawezi kubeba kila mmoja peke yake mgongoni. Nilimpeleka yule binti kwa mwalimu wa ushauri nasaha, tukamhusisha mkuu, akapangiwa kuingia kipindi cha kwanza kwa kuchelewa na kupewa kazi alizokosa. Mimi nikabaki na sehemu yangu moja: kumsalimu kwa jina kila asubuhi na kumwomba radhi kwa zile fokofoko. Nilimwomba radhi mbele ya darasa, kwa kuwa nilimfokea mbele ya darasa. Usingizi ulirudi taratibu. Nilimfaa zaidi kwa kufanya hayo mawili kuliko nilivyomfaa kwa kukesha.

Sauti ilinipeleka kwa daktari. Aliniambia koo halina ugonjwa, natumia sauti vibaya, na kwamba walimu ni miongoni mwa watu wanaosumbuliwa sana na jambo hilo. Kunywa maji mara kwa mara, kuacha kupaza sauti juu ya kelele, na kutonong'ona kwa nguvu sauti ikikauka, maana huko nako ni kuikaza. Sasa darasa likichangamka nasimama kimya mbele, mkono juu, nasubiri. Linachukua kama nusu dakika kutulia. Zamani nilikuwa natumia dakika hizo hizo kupiga kelele na natoka nikitetemeka.

Nyumbani nilichelewa. Nilianza kurekebisha shule kwanza kwa sababu shuleni nilijua lugha ya kuzungumza. Kwa mume wangu sikujua nianzie wapi. Yeye naye alikuwa na madeni yanayomsumbua, na tulikuwa tumeacha kuyazungumza kwa kuwa kila mazungumzo yaliisha kwa mmoja kutoka chumbani. Usiku mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Naishi na mwalimu. Mke wangu hubaki shuleni." Iliuma. Nilitaka kujitetea, nikakumbuka ule wino mwekundu, nikanyamaza.

Tulikubaliana mambo machache. Ninapofika, nakaa robo saa peke yangu chumbani kabla ya kuongea na yeyote, na watoto wanajua kwamba mlango ukifunguka mimi ni wao. Madeni tunayazungumza Jumamosi asubuhi, karatasi zikiwa mezani, kamwe si usiku wa siku ya kazi. Na kazi za ndani tuliziandika zote, hata zile ambazo hazionekani, kama kukumbuka nani anahitaji sare mpya. Zilikuwa nyingi upande wangu. Hakuwa akizikwepa, alikuwa hazijui. Alichukua za jioni zote za siku nne. Ndugu waliozoea kuniletea watoto wao niwafundishe wikiendi nilikataa, na hilo lilinigharimu. Shangazi yangu mmoja hakuniongelesha kwa miezi. Nilimwambia, "Shangazi, nakuheshimu, lakini Jumapili sina cha kumpa mtoto wako wala wangu." Tumepatana, ingawa bado kuna ubaridi kidogo.

Mikondo bado ni mitatu na bado ni 48. Mtaala ukibadilika au barua ya ukaguzi ikifika, tumbo linanikaza kama zamani, na wiki ya ripoti bado ninaamka usiku. Tofauti ni kwamba nikiamka naandika kilichoniamsha kwenye kijidaftari, na pembeni yake naandika nitakifanya lini, kisha narudi kulala.

Msimu wa mitihani uliopita mafungu yalirudi nyumbani. Safari hii niliwaambia mapema kwamba ni siku tisa. Mwanangu, ambaye sasa ana miaka kumi, alichora visanduku tisa kwenye karatasi akaibandika ukutani juu ya meza yangu. Siku ya sita alikuja akasimama kando ya kiti changu, kalamu mkononi. "Mama, nikate hiki cha leo?" Nilikuwa nimebakiza karatasi kumi na tisa. Nikamwambia akate, nikafunika kalamu yangu.