Bahari iko wapi?

Tangu Jumapili swali la mjomba halijanitoka. Dada amejifungua salama mtoto wa kike, kazini nimepangwa zamu ya usiku kuanzia mwezi ujao, lakini kila nikikaa peke yangu narudi kimawazo barazani kwa mjomba, yeye anamenya mihogo, mimi namnyooshea simu yenye picha ya kerengende niliyoipiga.

"Huyu anatoka wapi?"

"India, mjomba. Wanavuka bahari, wanakuja na mvua."

Akaisogeza simu mbali na macho, akairudisha karibu. "Mjomba," akasema, maana mnajua tunaitana hivyo hivyo, "kwenye picha hii bahari iko wapi?" Akanirudishia simu, akachukua muhogo mwingine.

Hakunikejeli. Aliuliza kweli, akisubiri jibu, nami sikuwa nalo.

Picha yenyewe mliiona wiki iliyopita: kerengende wa manjano ananing'inia wima kwenye kijiti kando ya Bwawa la Igombe. Lenzi ya makro, ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, milimita 105, tundu f/11, kasi ya sekunde 1/200, flashi imefunikwa karatasi nyeupe ili mwanga usichome. Mishipa ya mabawa inahesabika, na bawa la nyuma ni pana sana shinani, ndiyo alama ya Pantala flavescens, kerengende msafiri. Kwa kumtambua mdudu, picha hiyo inatosha kabisa. Ila inasema neno moja tu: yupo. Haisemi anakwenda. Aliyezaliwa juzi kwenye dimbwi nyuma ya nyumba angetoka vilevile.

"Bahari iko wapi?" Nimelirudia hilo nikioga, nikila, nikiwa kwenye bodaboda.

Nikarudi kwenye habari ya Maldives, visiwa vya Bahari ya Hindi, ambako safari hii ya kerengende ilichunguzwa. Charles Anderson, mwanabiolojia aliyeishi visiwani huko, alichapisha hoja yake mwaka 2009. Visiwa vile karibu havina maji yasiyo ya chumvi juu ya ardhi, kwa hiyo kerengende hawana pa kukulia, na bado kila Oktoba hujaa angani. Alichofanya ni kuandika tarehe: wanaonekana kusini mwa India kwanza, kisha Male, mji mkuu wa Maldives, kisha visiwa vya kusini zaidi, wakibebwa na upepo wa juu kuelekea Afrika Mashariki. Mwaka 2012 yakachapishwa matokeo ya kupima mabawa ya kerengende waliokamatwa Maldives. Haidrojeni iliyo ndani ya bawa hubaki na alama ya maji ya mvua alimokulia mdudu akiwa lava, yaani mtoto asiye na mabawa anayeishi majini, na alama ile ilielekeza kaskazini mwa India au mbali zaidi. Bahari haikuonekana kwenye picha ya mtu yeyote. Ilionekana kwenye tarehe na kwenye bawa.

Basi mimi wa Tabora nipige picha ya nini? Jumanne usiku ndipo lilipofunguka: nipige dimbwi. Kerengende huyu hupenda kutaga kwenye madimbwi ya mvua yasiyo na samaki, na lava wake huhitaji takriban wiki 6 kuwa mdudu wa kuruka. Dimbwi likijaa leo na kerengende wazima wakawa juu yake kesho kutwa, hao hawakukulia humo. Wameletwa. Hiyo haithibitishi India, wala haiondoi shaka kwamba huenda wametoka bwawani tu, na sitamtajia tena mjomba India kana kwamba niliwaona wakiondoka. Lakini dimbwi kavu lenye tarehe, dimbwi lilelile limejaa, na kerengende juu yake, picha tatu kutoka sehemu moja, zinasema jambo ambalo picha yangu nzuri haisemi. Na ni lazima zipigwe sasa, mvua za kwanza za Novemba. Ukifika Januari, wa hapa na wageni wameshachanganyika.

Baada ya hapo nimekuwa na furaha ambayo sijaipata kwa miezi.

Kundi la kerengende likiwa angani linataka namna nyingine ya kupiga. Lenzi pana, milimita 35, kamera juu ya stendi, f/8, kasi ya sekunde 1/1600, fokasi uiweke kwa mkono, umbali wa mita 4 hivi. Hapo anayepita kati ya mita 3 na 8 anatoka safi. Ukiiachia kamera itafute fokasi yenyewe, itashika nyasi za nyuma. Nyuma kuwe na kivuli cha miombo na jua litoke mbele kwa mshazari, saa 11 jioni, mabawa yang'ae. Ukiwapiga dhidi ya wingu jeupe mabawa yanapotea, unabaki na vijiti vyeusi hewani. Na zima shata ya kielektroniki. Inasoma picha mstari kwa mstari, bawa linalopiga haraka linatoka limepinda.

Kisha hesabu, maana picha peke yake hudanganya. Chagua miti miwili iwe kama goli, hesabu kwa dakika 5, wanaokwenda upande mmoja na wanaorudi kila mmoja safu yake. Wakienda 40 wakarudi 38, wanawinda mbu na vijidudu, wanazunguka palepale. Wakienda 40 wakarudi 3, hao wana safari. Funga uzi mwepesi kwenye kijiti uone upepo unakoelekea, andika. Vipepeo weupe, Catopsilia florella, ambao viwavi wao hula majani ya jamii ya mjohoro, kwao ni rahisi zaidi: walio safarini hupita chini na moja kwa moja, wakikuta nyumba wanapanda juu ya bati na kuendelea.

Saa ndiyo iliyoharibu kazi yangu ya siku mbili. Daftarini nilikuwa nimeandika "saa 11" tupu, na kamera inasema 11:05, nikaziunganisha. Kumbe ya daftari ni jioni, na ya kamera ni saa 5 asubuhi. Sasa naandika kama kamera inavyoandika, 17:05, na kila asubuhi napiga picha moja ya uso wa simu ikionyesha saa, ili kamera ikichelewa nijue imechelewa kiasi gani.

Kozi wa Amur, ndege wadogo wa kuwinda wanaohama, wanakaribia kupita, wanafuata mvua, kumbikumbi na kerengende hawahawa. Nitaongeza mwanga kwenye kamera hatua moja na nusu, la sivyo dhidi ya wingu ndege anatoka kivuli na ule weupe chini ya bawa la dume hauonekani.

Leo kazini nimekumbuka jinsi mjomba anavyokagua mizinga. Akiona nyuki mlangoni hasemi mzinga umeingiwa, maana huenda ni wapelelezi tu. Anasimama, anangoja, hata nusu saa, mpaka aone nyuki anaingia na chavua miguuni. Ndipo anasema, "Wamekaa." Swali lake la Jumapili lilikuwa hilohilo. Nitampelekea picha tatu za dimbwi na ukurasa wa hesabu, ninyamaze, nione atauliza nini.

Mama amepiga simu sasa hivi. Tangu mvua ya juzi maji ya kisima yana rangi ya chai, na jirani mpya amechimba choo upande wa juu. Tunaambiwa kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Yeye amehesabu hatua 22, lakini hatua za mama ni fupi, na watoto wameshakunywa yale maji tangu asubuhi.