Ijumaa Yangu: Kuanzia Nyimbo Mpya Zinapoingia Hadi Watu Waanze Kubishana

Saa 11:00 alfajiri. Siku nyingine simu ndiyo inaniamsha. Ijumaa naiwahi. Nyimbo mpya huachiwa Ijumaa karibu dunia nzima, nyingi zikiingia saa sita usiku kwa saa za kila nchi, kwa hiyo nikifungua macho mzigo umeshafika. Utaratibu huu wenyewe si wa siku nyingi. Ulianza tarehe 10 Julai 2015, makampuni ya muziki yalipokubaliana siku moja. Kabla ya hapo Uingereza walikuwa wanaachia albamu Jumatatu, Marekani Jumanne, Ujerumani Ijumaa. Mjerumani angeweza kuwa ameshauchoka wimbo ambao Mmarekani bado anausubiri.

Wiki hii ni zamu yangu kukichagulia nyimbo mpya kikundi chetu cha familia na marafiki, lakini alfajiri sichagui, nachuja tu. Kila wimbo naupa dakika moja. Najua dakika moja ni uonevu kwa wimbo unaojijenga taratibu, kwa hiyo wowote ninaousitia unaingia kwenye orodha ninayoiita viporo, nitaurudia mchana. Siku hizi nyimbo za utangulizi mrefu zimeadimika, na sababu mojawapo haijifichi: kwenye Spotify, programu ya kusikilizia muziki mtandaoni, wimbo unahesabiwa kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30. Ukimkimbiza msikilizaji kwenye sekunde ya 20 umetoka kapa. Ndiyo maana msanii anayethubutu kuniweka dakika nzima bila ngoma kulia, mimi namheshimu kabla hata hajaimba.

Saa 1:30 asubuhi. Niko njiani kwenda kazini. Nyimbo zilizopita mchujo nimeshazipakua nikiwa nyumbani, kwa sababu kusikiliza moja kwa moja kunakula bando. Kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde, wimbo wa dakika nne unachukua karibu megabaiti 5, na mimi wimbo mmoja naurudia mpaka jirani yangu kwenye kiti anaujua.

Hapa kuna mtego ambao wapenda muziki wengi hawaushtukii. Ukicheza wimbo uleule mara mbili, mara ya pili ukiongeza sauti kidogo, utaapa kwamba ile ya pili ni bora. Sikio linapenda kelele. Programu za kusikilizia huzisawazisha nyimbo zilingane sauti, lakini faili aliyokutumia rafiki haijasawazishwa na mtu. Mimi nikilinganisha nyimbo mbili naanza na kitufe cha sauti, maoni baadaye.

Saa 3:00 asubuhi. Kazi. Naandika manukuu ya video, yale maandishi yanayopita chini ya picha, kwa hiyo muziki marufuku. Masikio yote mawili ni ya mwajiri.

Saa 5:00 asubuhi. Mwenzangu wa meza ya pili anakuja na shida ya kila wiki.

“Kaka, kuna wimbo nimeusikia jana, sijui unaitwaje.”

“Unaendaje, dada?”

Ananiimbia. Namwambia sauti nzuri, wimbo siujui. Ametoa simu anataka kuuimbia Shazam, ile programu ya kutambua nyimbo, namzuia. Shazam haisikilizi melodi kama binadamu. Inatengeneza alama za utambulisho kutokana na rekodi yenyewe, kisha inazilinganisha na alama zilizo kwenye hazina yake. Ukiimba mwenyewe, hata msanii mwenyewe akiimba jukwaani, mara nyingi inakosa kwa sababu rekodi si ileile. Ilianza mwaka 2002 huko Uingereza, na wakati huo hapakuwa na programu ya kupakua: ulipiga namba 2580, zile tarakimu za katikati zinazoshuka kwenye vitufe vya simu, ukaielekeza simu kwenye spika, ukatumiwa jina la wimbo kwa ujumbe mfupi. Namshauri dada atumie huduma ya Google ya kutambua wimbo hata ukiuguna au kuuimba mwenyewe, iliyokuja 2020. Dakika mbili baadaye nasikia kelele mezani kwake. Umepatikana.

Saa 7:00 mchana. Hii ndiyo saa yangu. Wengine wanaenda kupumzika, mimi navaa hedifoni, nafumba macho, naanza na viporo.

Kuna mmoja alfajiri niliupita nusu nusu. Unaanza na gitaa moja tu, na mpigaji hakufutiwa makosa: vidole vinasikika vikikwaruza nyuzi kila anapohama. Mwanamke anaimba beti mbili kwa sauti ya chini, kama anayemsimulia mtu mmoja aliye chumbani. Besi inaingia dakika ya pili. Halafu, pale ambapo kila kitu kinakuambia kiitikio kinakuja, vyombo vyote vinanyamaza, anavuta pumzi, na hiyo pumzi wameiacha kwenye rekodi. Prodyuza mwingine angeikata. Kiitikio kinaingia baada yake, na mwili unasisimka. Huu hauna mjadala, unaenda.

Saa 10:00 jioni. Masikio yamechoka. Nimejiwekea sheria kwamba saa hii sihukumu wimbo wowote, kwa sababu baada ya kutwa nzima ya kusikiliza watu wakiongea kila kinanda kinaniudhi.

Saa 12:30 jioni. Naandika ujumbe wa kikundi chetu cha familia na marafiki. Nyimbo tatu tu. Kuna watu hutuma ishirini kwa mpigo na kuandika “ngoma kali hizi”, kisha wanalalamika kwamba hakuna anayesikiliza. Nani ataanza wapi? Anayetuma ishirini hajachagua. Kazi ya kuchagua amewarushia wengine.

Kila wimbo nauandikia sentensi mbili: unamfaa nani, na asikilize wapi. Kwa ule wa mchana nimeandika: “Huu ni wa shangazi na wote wanaopenda maneno yasikike. Usiuache kabla ya pumzi iliyo mbele ya kiitikio cha kwanza.” Nasema *pumzi* makusudi. Mtu akiambiwa wimbo ni mzuri anakuwa hakimu, lakini akiambiwa kuna kitu ndani anaanza kukitafuta, na anayetafuta anafika mwisho.

Naweka linki, na chini yake naandika jina la msanii na la wimbo, maana si wote tunatumia programu moja. Faili yenyewe situmi. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12, na wengi ninaowapenda wako pembezoni mwa hiyo namba. Faili ikizunguka kwenye kikundi, msanii hahesabiwi hata mara moja.

Saa 2:00 usiku. Majibu. Mjomba ndiye wa kwanza, kama kawaida yake.

“Mwanangu, gitaa hili mbona la zamani? Huyu kijana amewasikiliza wazee.”

“Shikamoo mjomba. Ndiyo maana nimekutumia.”

“Marahaba. Wa pili niondolee.”

Wa pili unakataliwa na karibu wote, nami siutetei sana. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huelekea kukipenda kitu kwa sababu tu wamekutana nacho mara kadhaa. Binamu yangu ni ushahidi unaotembea: anachokiponda Ijumaa, Jumanne anakiimba bafuni. Namsubiri.

Watu huniuliza kwa nini nahangaika hivi wakati Spotify inanipa nyimbo 30 kila Jumatatu bila kuombwa. Naisikiliza, na mara nyingine inapatia. Lakini inajua nilichosikiliza jana, haijui kwamba shangazi hawezi ngoma zinazofunika maneno, wala haijawahi kuniambia “wa pili niondolee”.

Saa 4:00 usiku. Nakabidhi zamu. Wiki ijayo ni ya mama mdogo, naye ameshaanza maswali: wimbo uliotoka mwaka juzi unahesabika kuwa mpya? Nimemjibu unahesabika, mradi hakuna kati yetu aliyeusikia. Mjomba ameandika kwamba kwa sheria hiyo yeye ana mipya ya miaka arobaini.