Arslan si jina la Kiarabu

Mjuzi wa Kiarabu akiliona jina hili kwa hati ya Kiarabu, ارسلان, mawazo yatamkimbilia mzizi wa r-s-l, ule uliotupa rasuli na risala, aseme maana yake ni "mjumbe". Kapotea. Arslan ni neno la Kituruki, na maana yake ni simba, huyu huyu wa mbugani. Mahmud wa Kashgar aliliandika kwenye kamusi yake ya lugha za Kituruki miaka ya 1070.

Litazame mkiani. Kaplan ni chui milia, sırtlan ni fisi, kulan ni punda mwitu. Hiyo -lan inapenda sana wanyama. Kuhusu ars- ya mwanzo wataalamu bado wanavutana, tuwaachie.

Anayelijulisha jina hili zaidi ni Alp Arslan, sultani wa Kisaljuki, nasaba ya watawala wa Kituruki (1063–1072), aliyemteka Romanos IV, Kaisari wa Bizanti, kwenye vita vya Manzikert, mashariki ya Uturuki ya leo, Agosti 1071. Wengi hulisoma kana kwamba Alp ni jina lake na Arslan ni la ukoo. Sivyo. Kwa Uislamu aliitwa Muhammad bin Dawud, na kuniya yake, yaani lakabu ya Kiarabu inayoanza na Abu ("baba wa"), ni Abu Shujaa. Alp Arslan ni jina la Kituruki lililokaa sambamba na hayo, na alp maana yake ni shujaa. Basi sifa moja kabebeshwa mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kituruki! Baba yake vilevile: Dawud kwa dini, Chaghri kwa kabila, yaani aina ya kipanga. Ami yake Tughril naye ni ndege mwindaji. Baadaye Wasaljuki wa Anatolia, yaani Uturuki ya leo upande wa Asia, wakawa na sultani Kilij Arslan. Kilij ni upanga.

Safarini neno limebadilika. Mturuki wa leo akimtaja mnyama husema aslan, r imeanguka. Kwenye majina ya ukoo, ambayo sheria ya 1934 ilimlazimu kila raia wa Uturuki kuwa nayo, Aslan na Arslan yote yamejaa tele. Kikazaki ni arystan, Kikirgizi arstan, Kiuzbeki arslon. Pakistan wamechomeka irabu, likawa Arsalan. Ruslan wa Urusi na Kaukazi ni wa ukoo huu huu. Wahangaria nao walilichukua zamani, na mpaka leo simba kwao ni oroszlán.

Hapo ndipo penye mtego kwa mzazi. Cheti cha kuzaliwa kikisema Aslan na pasipoti ikisema Arslan, afisa ataona watu wawili, hata ukimweleza kuwa simba ni mmoja. Chagua tahajia moja tangu siku ya kwanza. Na usimsahihishe mwenye jina kwamba "amesahau r", hajasahau kitu.

Matamshi: Waturuki hutia mkazo mwishoni, ars-LAN. Mswahili, kwa mazoea ya lugha yake, atasema AR-slan. Mama wa Kituruki akimsifu mwanawe humwita aslanım, simba wangu, hata kama kijana jina lake ni Mehmet.

Pwani yetu simba huyo alishafika kwa njia ya Kiarabu, akiitwa Asadi au Haidari. Nyumba yenye Haidari tayari, Arslan atakuwa simba wa pili.