Neno moja tu lilivyomtembeza mama wa watu

Wapendwa leo naandika kuhusu neno moja la Kiingereza, representatives, ambalo wengi tunalitafsiri wawakilishi, maana limenikaa kichwani tangu mwaka jana.

Nina stationari yangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, nachapa, natoa kopi, na kwa vile Kiingereza nakielewa elewa watu wananiletea barua niwasomee. Siku hiyo akaja mama mmoja mtu mzima katokea Ujiji, bahasha kaikunja mara nne kaiweka ndani ya mfuko wa rambo, mkono haumtoki kwenye ule mfuko. Mume wake alifariki, kuna vijisenti aliacha kwenye taasisi moja ya fedha, na barua waliyomwandikia ni Kiingereza kitupu. Mstari wenyewe ulisema wanaotakiwa kufika ni legal representatives wa marehemu. Mimi nikaona hilo neno la sheria nikamwambia palepale, mama, wanataka uende na wakili.

Nilikosea. Mama akaenda kukopa kwenye kikoba chao, akamtafuta wakili, na ashukuriwe huyo wakili kwa uungwana wake, alisoma akamwambia pesa yako rudi nayo, hapa anatakiwa msimamizi wa mirathi, kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, chukueni na cheti cha kifo muende Mahakama ya Mwanzo. Akapita dukani kuniambia. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, siku nyingine uwe unasoma polepole." Iliniuma kuliko angenitukana.

Toka hapo nikawa nalifuatilia hilo neno kila linapopita mezani kwangu na nimegundua Kiingereza kimelibebesha mizigo ambayo sisi tumeigawa kwa watu wengi. Kijana wa chuo akija kuchapa barua ya darasa lao, representative ni CR wao, yaani kiongozi wa darasa. Kampuni ikiandika kwamba representatives wao watakutembelea, hao ni maofisa mauzo tu, sasa ukiandika wawakilishi mtu wa kijijini anadhani kunakuja ugeni wa serikali. Wakala nae ni mwingine, yule wa kutoa na kuweka pesa, anafanya biashara yake kwa jina la kampuni. Alafu ukija kwenye karatasi za kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ndo utachoka, kwa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, Mwakilishi ni bosi wao wa nchi nzima, na wakati huohuo wawakilishi wa wakimbizi ni watu waliochaguliwa na wenzao hukohuko kambini. Mmoja katumwa kutoka juu, mwingine katumwa kutoka chini, neno lilelile.

Kwenye siasa napo watu wanachanganya. Redioni tunasikia Baraza la Wawakilishi la Marekani, wale 435 wanaochaguliwa kila miaka 2, mtu anauliza kwani si ndio kama la Zanzibar? Majina yamefanana ila la Zanzibar lilianza 1980 na linatunga sheria za mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano. Mpiga kura wa kule anachagua Mbunge wa kuja Dodoma na anachagua Mwakilishi pia, kwa hiyo kwao Mwakilishi ni cheo kama tunavyosema Diwani. Huku kwetu ukimuita mbunge mwakilishi wa wananchi hilo ni elezo tu la kazi yake.

Na mjumbe je? Mjumbe wetu wa nyumba kumi, ambae wengine wanamuita balozi, jina lenyewe linasema ni mtu wa kutumwa, lakini mtaani yeye ndo wa kusuluhisha ugomvi wa uzio. Balozi huyohuyo kwa jina ni yule anaekaa nchi za watu, na akikaa Umoja wa Mataifa anaitwa Mwakilishi wa Kudumu, kazi aliyoifanya Salim Ahmed Salim miaka ya 1970.

Kilichonifungua macho zaidi ni ndoa moja Ujiji. Baba wa binti alimshika shehe mkono akamwambia nimekuwakilisha umuozeshe binti yangu. Nikashtuka, maana sisi siku hizi tunasema fulani ananiwakilisha, yaani kasimama badala yangu, kumbe hapa baba ndo anayewakilisha, anamkabidhi mwenzake jambo lake. Wakili, wakala, mwakilishi, hata tawakali ya kumuachia Mungu, vyote shina lake moja la Kiarabu, na ndani yake kuna kukabidhi. Sasa hivi barua ikija naanza na hapo: nani kamkabidhi nani, na kamkabidhi nini? Kwa marehemu jibu ni rahisi, yeye hawezi tena kukabidhi, ndo maana mahakama inamteua mtu kwa niaba yake. Ningejiuliza hivyo siku ile, mama wa watu asingeenda kukopa.

Alirudi baada ya miezi kadhaa, safari hii na kijana wake mkubwa aliyeteuliwa na mahakama, wanataka barua ya majibu. Nikachapa Kiingereza juu, chini yake Kiswahili, na pale kwenye neno lile nikaandika msimamizi wa mirathi kwa herufi nzito. Mama akanambia nimsomee kwa sauti. Nikasoma, polepole, mara mbili.