Daftari la kifua cha mwanangu

Mwezi wa nane ukiingia, mimi huamka saa kumi alfajiri bila kuamshwa na mtu. Nasikiliza. Kifua cha mwanangu wa pili kikipiga mluzi, najua kuna aliyechoma shamba usiku.

Tunaishi Boma Ng'ombe, upande wa chini wa barabara kuu ya Moshi na Arusha. Mtoto ana miaka saba, na pumu anayo tangu akiwa na mitatu. Mwaka juzi nilinunua kauntabuku, nikaanza kuandika kila asubuhi mambo matatu: kama mnara wa simu wa upande wa Kwasadala unaonekana, upepo unatoka wapi, na mtoto ameamkaje. Mwanzoni kipimo changu kilikuwa Mlima Kilimanjaro, lakini ulikuwa unanipoteza. Masika mlima unajifunika mawingu wiki nzima, kumbe hapa chini mvua imeosha hewa na mtoto anacheza hadi magharibi. Mnara uko karibu, haufichwi na mawingu ya juu.

Kurasa za Machi hadi Mei karibu zote ni "salama". Juni na Julai mambo yanabadilika kwa sababu ya baridi. Alfajiri hewa baridi inalala chini, yenye joto kidogo inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria, na moshi wa mafiga na wa tanuri za matofali unabaki usawa wa madirisha yetu mpaka jua likolee, kama saa tatu hivi. Na sisi tumo katika moshi huo. Siku hizi Julai nachemsha chai kwa gesi, kuni nawasha mchana.

Septemba na Oktoba ni vumbi. Trekta zinalima ardhi kavu, na chamchela zinainuka tambarare ya Sanya kama nguzo nyekundu zinazotembea. Nanyunyiza maji uani kabla ya kufagia, natundika kanga mbichi dirishani. Nilikuwa naamini hiyo ndiyo miezi mibaya kuliko yote. Daftari limenikatalia. Siku za vumbi mtoto anapiga chafya na macho yanakuwa mekundu; siku za moshi ndizo tunazotafuta inhela usiku.

Muuguzi mmoja alinieleza vizuri. Vumbi kubwa linanaswa puani na kooni. Moshi una chembe zisizozidi maikromita 2.5, wakati unywele mmoja una unene wa kama maikromita 70, kwa hiyo zinapita moja kwa moja hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha chembe hizo kinachopendekezwa, wastani wa mwaka, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Muuguzi huyohuyo alinionyesha kutoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, inhela ikaingia hapo, mtoto akavuta dawa taratibu kupitia mdomo wa chupa. Mzazi mwenye mtoto wa pumu, omba kituo cha afya wakuonyeshe. Kwetu imetuokoa usiku mwingi.

Sasa, moshi wa Agosti unatokana na mabua. Watu wakishavuna mahindi wanachoma kilichobaki, na jirani yetu mzee ana ekari tatu upande upepo unakotokea. Mwaka huu nilimwendea kabla hajavuna.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona mapema?"

Nikamfungulia daftari. Alisoma kurasa kadhaa kimya, kidole kikifuata mstari. Kisha akanijibu kwa hoja, wala hakukasirika: moto unapunguza panya na viwavijeshi, na trekta haisumbuki na mabua. Sikubishana naye. Amelima hapo tangu sijazaliwa.

Lakini shemeji yangu kule Machame ana ng'ombe wawili wa zizini, na kila kiangazi anahangaika na majani. Watu wa milimani wamekuwa wakipandisha mabua kutoka mashamba ya tambarare miaka yote. Kinachokwamisha ni gari. Nikamwambia mzee: shemeji atakuja na Canter, atakata na kubeba mwenyewe, na gari litashuka na samadi. Mzee akauliza swali moja tu, samadi ni tripu ngapi.

Jumamosi iliyopita wamebeba ekari mbili. Ya tatu mzee ameibakiza, anataka kwanza aone hiyo samadi. Leo mnara unaonekana, upepo unatoka kusini, mtoto amelala hadi saa moja.